Grand Parc, Bordeaux: maghorofa matatu yaliyokwepa burudoza yakapanuliwa watu wakiwa ndani

Chukulia unakaa ghorofa ya nane kwenye jengo la miaka ya 60. Sebule ina kadirisha kadogo, ukuta wa nje umechoka, baridi inapenya, na umeshazoea kusikia kwamba iko siku wenye jengo watakuja kuliangusha. Afu asubuhi moja kweli wanakuja, ila hawana burudoza, wana kreni. Inanyanyua kipande cha zege kilichotengenezwa kiwandani, inakikalisha juu ya nguzo mbele ya dirisha lako, na kabla jua halijazama nje ya ukuta wako kuna sakafu mahali ambapo jana palikuwa hewa tupu. Wiki mbili mbele kale kadirisha hakapo tena, umewekewa mlango wa kioo wa kusukuma kuanzia chini mpaka juu, unaufungua unatokea kwenye chumba kipya, ukivuka hicho chumba unatokea kwenye balkoni. Na muda wote huo hujahama, kabati lako liko palepale.

Hiki ndo kilichofanyika Bordeaux, Ufaransa, kwenye mtaa wa nyumba za umma unaoitwa Cité du Grand Parc. Mtaa mzima una nyumba zaidi ya 4,000, ulijengwa enzi zile za kujenga harakaharaka kwa sababu watu walikuwa wengi na nyumba hazitoshi. Kesi yetu inahusu majengo matatu tu, wao wanayaita G, H na I, ya ghorofa 10 mpaka 15, jumla nyumba 530. Mwenye mali ni Aquitanis, shirika la umma la nyumba. Waliochora ni Anne Lacaton na Jean-Philippe Vassal, wakishirikiana na Frédéric Druot na Christophe Hutin, kazi ikakamilika 2017, na 2019 ikabeba ile tuzo kubwa ya usanifu majengo ya Ulaya yenye jina la Mies van der Rohe. Miaka miwili baadae Lacaton na Vassal wakapewa Pritzker, ambayo kwenye fani hiyo hakuna ya juu zaidi.

Nimeamua kung'ang'ana na hii kesi moja kwa sababu kila ikiongelewa habari ya kutumia tena majengo ya zamani watu wanakimbilia mifano ya kupendeza macho, sijui kituo cha umeme cha Bankside kule London kimekuwa jumba la sanaa la Tate Modern tangu 2000, sijui matangi ya gesi ya Vienna yaliyojengwa mwishoni mwa karne ya 19 sasa hivi watu wanalala mle ndani. Safi kabisa, sipingi. Lakini jiulize mji mmoja una vituo vya umeme vya matofali vingapi? Kilichojaa mijini ni maghorofa ya kawaida ya zege, yanafanana kama sare, hakuna mtu atayeandamana kuyatetea na hakuna mtalii atakayeyapiga picha. Swali la rasilimali liko huko kwenye hayo mabovumabovu mengi, na Grand Parc ni mojawapo.

Sasa kwanini kubomoa ndo lilikuwa jibu la kwanza kwenye midomo ya watu? Ufaransa mwaka 2003 ilipitisha sheria ya kuhuisha miji, mpango ukiwa kuangusha nyumba za umma kama 200,000 na kujenga nyingine idadi hiyohiyo, na nyingine tena 200,000 kuzikarabati. Ukiitazama kwa haraka inaleta maana, maghorofa yamechakaa, mitaa ina sifa mbaya, umasikini umejikusanya sehemu moja, angusha anza upya. Na kisiasa kuangusha kuna raha yake, jengo linaporomoka mbele ya kamera kila mtu anaona kazi imefanyika, wakati ukarabati hauna picha ya namna hiyo.

Druot, Lacaton na Vassal walikaa wakapiga hesabu, wakatoa andiko lao 2004 wakisema kitu ambacho kwa wakati ule kilionekana ni ubishi tu: pesa ya kuangusha nyumba moja na kujenga nyingine inatosha kuzipanua na kuziboresha nyumba mbili au tatu zilizopo. Msimamo wao ulikuwa mkali kweli, usibomoe kamwe, usipunguze, usibadilishe kwa kutoa, wewe ongeza tu, geuza, tumia tena. Mimi binafsi neno "kamwe" hunipa mashaka kwenye ujenzi, yapo majengo hayastahili kuachwa na nitayafikia. Ila kama fimbo ya kuwaamsha watu lilifanya kazi.

Hesabu yenyewe iko hivi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo moyo wa jambo.

Jengo la zege lina mifupa na lina ngozi. Mifupa ni msingi, nguzo, slabu (zile sakafu za zege), ngazi, shimo la lifti. Ngozi ni kuta za nje, madirisha, plasta, mabomba, nyaya, vigae. Kinachochakaa ni ngozi. Miaka 40 au 50 dirisha linavuja upepo, bomba limeziba, waya umepitwa na wakati, lakini slabu iliyomwagwa vizuri na ikakingwa na maji inakuwa bado iko imara inakushangaa. Na cha kuchekesha ni kwamba pesa kubwa na kaboni kubwa, yani ule moshi unaochafua tabianchi wakati wa kujenga, viko kwenye mifupa, sio kwenye ngozi. Kwa hiyo ukibomoa jengo kwa sababu madirisha mabaya, unatupa kilichokuwa kizima ili uondoe kilichokuwa kibovu.

Kaboni inatoka wapi? Kwenye saruji. Unachukua mawe ya chokaa unayachoma kwenye tanuru mpaka kwenye nyuzi 1,450 hivi, na pale kuna moshi wa aina mbili, ule wa mafuta au makaa ya kuwasha tanuru, na ule unaotoka ndani ya jiwe lenyewe maana chokaa likipata joto linaachia kaboni dioksaidi. Huu wa pili ndo mkubwa na hata ukiwasha tanuru kwa jua bado utatoka. Saruji peke yake inabeba kama asilimia 7 au 8 ya kaboni dioksaidi yote inayotolewa na shughuli za binadamu duniani. Sasa zile slabu za Grand Parc zilipomwagwa mwanzoni mwa miaka ya 60, ule moshi ulishatoka zamani, umeshapanda, huwezi kuurudisha. Ukilitumia jengo miaka 50 mingine huongezi kitu upande huo. Ukilivunja ukajenga jipya unatoa moshi mpya leo, sio kidogokidogo kwa miaka 50 ijayo, leo, wakati ambao tunahangaika kupunguza.

Watu wa kujenga mapya wana jibu, wanasema jengo jipya litatumia umeme kidogo kwahiyo litafidia. Ni kweli litafidia, swali ni lini. Kuna utafiti ulifanywa Marekani na kituo cha Preservation Green Lab, ukatoka 2011, walilinganisha aina kadhaa za majengo wakaona jengo jipya lenye matumizi mazuri ya nishati linachukua kati ya miaka 10 na 80 kufidia madhara ya tabianchi yaliyotokana na kulijenga. Ukikaa upande wa 80 maana yake jengo lenyewe huenda likazeeka na kubomolewa kabla halijalipa deni lake.

Na kile kifusi nacho? Ulaya zaidi ya theluthi moja ya taka zote zinatokana na ujenzi na ubomoaji. Utasikia "tutarejeleza zege". Haya, wanalisaga, wanapata kokoto za kufukia barabara, ila saruji haipatikani tena mle, ile ikishashika imeshashika. Jengo jipya litadai saruji mpya. Kwa hiyo kurejeleza zege ni sawa na kukata meza ukapata kuni, kitu kimetumika ndio, lakini thamani imeshuka vibaya.

Turudi Bordeaux tuone walivyofanya kwa mikono.

Kabla ya kuchora chochote waliingia ndani ya nyumba za watu. Hii ndo tabia ya hawa jamaa, wanaanzia ndani kwenda nje, nyumba kwa nyumba, wanaangalia mtu anakaaje, amepanga vipi, nini kizuri asikiguse. Wasanifu wengi wakipewa ghorofa chakavu wanaanza na sura, watachagua rangi, watavisha ukuta wa nje koti la kuzuia baridi, madirisha mapya, basi. Kazi za namna hiyo zimejaa kila mahali, na mara nyingi nyumba inabaki ndogo ilivyokuwa, giza lilivyokuwa, ila bili ya joto imepungua. Hawa waliuliza swali tofauti: huyu mtu anakosa nini? Anakosa nafasi na mwanga. Na pa kutoka nje.

Uamuzi uliobeba kila kitu ni kwamba mifupa haiguswi. Ngazi zilezile, slabu zilezile, kuta za ndani kwa sehemu kubwa zilezile. Hapo ndo walipookoa pesa, na pesa waliyookoa wakaimwaga yote kwenye kitu kimoja: kuongeza mbele ya majengo ukanda mpya wenye kina cha mita 3.8. Ule ukanda haukuning'inizwa kwenye jengo la zamani, umesimama wenyewe juu ya nguzo zake na msingi wake, umeegemezwa tu karibu kama rafu ya vitabu iliyosukumwa ukutani. Hii ni akili sana, kwa sababu mifupa ya zamani haikuongezewa mzigo, maana yake huhitaji kuanza kuchimbua misingi na kuimarisha nguzo za zamani, kazi ambayo ingekula bajeti yote na kuwatoa watu nje.

Vipande vilitengenezwa kiwandani vinafika vikiwa tayari, kreni inapandisha, vinapangwa ghorofa kwa ghorofa. Ukanda mpya ukishasimama wenyewe unakuwa ndo jukwaa la mafundi, wanasimama hapo wanakata ukuta wa zamani uliokuwa chini ya dirisha, wanaweka milango ya vioo, wanafunga mapazia, wakimaliza wanahamia nyumba inayofata. Ndani walibadilisha bafu na umeme. Jumla kwa kila nyumba kazi ilichukua kati ya siku 12 na 16. Sitaki kudanganya kwamba zilikuwa siku za starehe, kukata zege mita mbili kutoka kwenye kochi lako sio muziki, lakini linganisha na mtu anayeambiwa ahame, apangiwe mtaa mwingine, watoto wabadili shule, arudi baada ya miaka mitatu kama atarudi. Na wengi kwenye miradi ya kubomoa hawarudi, wanasambaratika, jirani uliyekuwa unamwachia ufunguo humuoni tena. Kwenye hesabu za mradi hiyo gharama huwa haiandikwi popote.

Mita za mraba 44,210 zilizokuwepo zikaongezewa nyingine 23,500. Yani limeongezwa eneo linalozidi nusu ya lile la zamani, bila kutafuta kiwanja kipya. Gharama ya kugeuza nyumba 530 ilikuwa euro milioni 27.2 kabla ya kodi ya serikali, gawanya mwenyewe unapata kama euro elfu 51 kwa nyumba, na kuna nyumba 8 mpya kabisa ziliongezwa kwa milioni 1.2. Kodi ya wapangaji haikupanda. Rudia hiyo sentensi, nyumba imekua, ina mwanga, ina balkoni, kodi ileile.

Sasa hicho chumba cha vioo. Wenyewe wanakiita bustani ya majira ya baridi, ila usifikirie maua, ni chumba tu ambacho hakina hita. Upande wa ndani kuna ile milango ya vioo viwili na pazia zito la kuzuia joto lisitoke, upande wa nje kuna paneli nyepesi za polikabonati (plastiki ngumu inayopitisha mwanga) na kioo zinazosukumwa, na pazia lingine la kurudisha jua, afu ndo balkoni. Majira ya baridi unafunga paneli, jua linapiga kwa chini linaingia mpaka ndani, hewa ya katikati inapata joto na inakuwa kama koti kati yako na nje. Usiku unavuta lile pazia zito. Kiangazi unafungua kila kitu, unashusha pazia la jua, balkoni inatupa kivuli na upepo unapita. Hakuna mtambo wala kompyuta inayokuamulia, mwenye nyumba ndo anaiendesha kwa mikono kama mtu anavyovaa na kuvua sweta.

Wazo hili halikuanzia Ulaya kwa Vassal. Miaka ya mwanzo ya 80 alikaa Niger akifanya kazi ya mipango miji, na 1984 yeye na Lacaton wakajenga pale Niamey kibanda cha nyasi na matawi, ambacho upepo ulikuja kukibeba ndani ya miaka miwili. Yeye na Lacaton wamesema mara nyingi kwamba jangwani ndo walisomea, pale waliona watu wanavyotumia kile kidogo kilichopo mpaka mwisho na namna kitambaa na kivuli vinavyofanya kazi ya ukuta. Mapazia ya Grand Parc ukiyaangalia kwa jicho hilo unaelewa yametoka wapi. Ni nadra kusikia Ulaya ikikiri imejifunza ujenzi Sahel, kwahiyo nimeona niliweke hapa.

Tena hawakuja Bordeaux kujaribu bahati. Jaribio kubwa lilikuwa Paris, mnara wa Bois-le-Prêtre uliochorwa na Raymond Lopez, ulikamilika 1961, uko kule ukingoni karibu na barabara ya mzunguko. Huo mnara ulikuwa tayari umeshakarabatiwa mara moja huko nyuma kwa ile staili ya kuvisha koti, wakaubana madirisha, ukawa mbaya zaidi kuliko ulivyozaliwa. Ukarabati unaweza kuharibu pia, watu husahau. Druot, Lacaton na Vassal wakaung'oa ule uso wote, wakaongeza vyumba vya vioo na balkoni kuzunguka, nyumba 96 zikawa 100, kazi ikaisha 2011 wapangaji wakiwa ndani. Gharama ilikuwa euro milioni 11 na ushee, wakati kubomoa na kujenga upya kulikadiriwa karibu milioni 20. Matumizi ya nishati ya kupasha joto yakashuka karibu nusu. Aquitanis walipokuwa wanaamua kuhusu majengo yao tayari kulikuwa na kitu cha kwenda kushika kwa mkono, na hili naliona ni muhimu kuliko ushawishi wowote wa maneno, maana bodi ya shirika la nyumba haisaini mamilioni kwa sababu ya falsafa.

Sifa zimetosha, tuongee upande wa pili maana kesi hii huwa inasimuliwa kama injili.

Kwanza, mita za mraba 23,500 za sakafu mpya nyingi ni zege, na zege ni zege, lina moshi wake. Mradi huu haujamaliza kaboni, umeipunguza ukilinganisha na kujenga upya. Mtu mwenye roho ngumu angesema wangefunga madirisha mapya na koti la joto wakaachia hapo, kaboni ingekuwa kidogo zaidi, na kwa karatasi ana hoja. Jibu langu ni kwamba nyumba ndogo yenye giza ambayo hakuna anayeipenda itarudi kwenye orodha ya kubomolewa baada ya miaka 20, na hapo utakuwa umepoteza mara mbili. Kinacholinda jengo kwa muda mrefu ni watu kutaka kukaa mle. Lakini nakubali hilo ni jambo la kuamini kuliko kupima, na wanaopigia debe hii njia wangekuwa wakweli zaidi kama wangelisema wazi.

Pili, chumba kisicho na hita kinategemea nidhamu. Mpangaji akiamua kuweka hita mle na kitanda cha mtoto, akaacha mlango wa ndani wazi Januari nzima, ile faida ya nishati inaondoka na upepo. Wengine watakigeuza stoo. Wasanifu wanasema ndo uhuru wenyewe, kila mtu atumie atakavyo, na picha za watu walivyojaza mimea na baiskeli na meza za kulia zinapendeza kweli, ila mtu wa bajeti ya nishati hawezi kulala usingizi kwa picha.

Tatu, polikabonati haiishi kama zege. Itafifia, itabadilishwa. Paneli zinazosukumwa zina reli, reli zinaziba. Mwenye jengo asipotenga pesa ya matunzo, baada ya miaka kadhaa itakuwa ngozi mbovu juu ya mifupa mizuri, tumerudi tulipoanzia. Hili sio kosa la Grand Parc peke yake, ila jengo lenye sehemu nyingi zinazocheza linadai fundi mara nyingi kuliko ukuta uliosimama kimya.

Na sura, jamani. Kuna watu wakiona picha za mbele wanasema mbona kama mafundi hawajaondoa jukwaa lao. Sina la kuwajibu, hata mimi mara ya kwanza niliona hivyohivyo. Ukiingia kwenye picha za ndani ndo unabadili mawazo, ule mwanga, na mji mzima umelala chini.

Kitu ninachotaka msomaji abaki nacho kabla hajaenda kusema "na sisi tufanye" ni mazingira yaliyoiwezesha hii kesi, kwa sababu hayapo kila mahali. Majengo yale yamesimama peke yake kwenye eneo la wazi, kuna nyasi na miti pande zote, ndo maana uliweza kusogeza mita karibu nne mbele na kreni ikapata pa kusimama. Jaribu hivyo kwenye mtaa ambao jirani yuko umbali wa kunyoosha mkono. Halafu nyumba zinafanana, ghorofa juu ya ghorofa, kwahiyo kiwanda kinatoa kipande kilekile mara mamia na bei inashuka, jengo ambalo kila ghorofa ina umbo lake halikupi hiyo nafuu. Na mmiliki ni mmoja, wa umma. Hilo la mwisho nadhani ndo zito kuliko yote. Nyumba 530 zenye wamiliki 530 usingepata saini, na mwenye jengo binafsi akishaongeza chumba na balkoni huyo kodi ataiacha kweli? Ufundi wa Bordeaux unaweza kunakiliwa na mhandisi yeyote mzuri, ila kodi kutopanda ni uamuzi wa mwenye mali, hautoki kwenye mchoro.

Yapo pia majengo ambayo mifupa yenyewe ndo mgonjwa. Zege lililoingiwa na chumvi mpaka nondo zimevimba na kupasua nguzo, dari iko chini sana kiasi kwamba ukipitisha mabomba mapya mtu anainama, msingi uliotitia upande mmoja, asbesto (nyuzi za madini zinazodhuru mapafu) iliyojaa kila pembe ambayo kuitoa ni kazi ya kuvaa kama mwanaanga. Ndo maana kipimo cha kwanza kabla ya maneno yoyote ni kutoboa sampuli za zege kupeleka maabara, kuangalia nondo zina hali gani, kutafuta michoro ya zamani. Gharama ya hivyo vipimo ni ndogo mno ukilinganisha na chochote kitakachofata, na bado miradi kibao imefikia uamuzi wa kubomoa kwa kutazama tu rangi iliyobanduka. Kule Sydney mnara wa ofisi wa kampuni ya AMP wa mwaka 1976 ulikuwa mdogo kwa mahitaji ya sasa, wangeweza kuuangusha, wakapima wakaona moyo wake ni mzima, wakabakiza asilimia 65 ya nguzo, mihimili na slabu, na asilimia 95 ya kiini cha katikati panapopita lifti na ngazi, wakaujengea pembeni na juu ukawa Quay Quarter Tower, ukakamilika 2022. Soko tofauti kabisa na Grand Parc, pale ni biashara tupu na pesa ndefu, ila mlango walioingilia ni uleule, kupima mifupa kwanza.

Wakati mwingine ukishapima unagundua hakuna cha kufanya. Haohao Lacaton na Vassal mwaka 1996 waliitwa na mji wa Bordeaux warembeshe uwanja mdogo unaoitwa Léon Aucoc, wakakaa pale wakatazama watu wanavyoutumia, wakarudi na ripoti kwamba uwanja uko vizuri, badilisheni changarawe, tibuni miti, fagieni mara kwa mara, basi. Mji ukakubali. Miaka mingi baadae ndo wakapewa maghorofa ya Grand Parc, hapohapo Bordeaux.